Valerian Maduhu, Msimamizi wa Karakana

Alhamisi, tarehe 30 Septemba 1999, Ndugu Valerian Maduhu anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Uchukuzi ya Jashvant na Wanawe kwa miaka thelathini na moja, miezi sita na siku ishirini na sita. Siku hizo ishirini na sita nimeziweka makusudi. Nisingeziweka, yeye mwenyewe angeniuliza zimekwenda wapi.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Ignas, mtunza stoo wa karakana, kwa sababu ambayo haina heshima kubwa: taipureta iko ofisini kwangu. Nilipoambiwa nilikubali haraka, kisha nikakaa siku tisa bila kupiga herufi hata moja. Kwenye orodha ya wafanyakazi Ndugu Maduhu ameandikwa "Fundi, Kituo cha Bugarama". Miaka miwili iliyopita alikuwa Msimamizi wa Karakana hapa Shinyanga, cheo alichokishika kwa miaka kumi na mmoja. Mnaoajiriwa siku hizi mmekuwa mkijiuliza mzee huyu alifanya nini hata akashushwa akiwa anakaribia mlango wa kustaafu. Nitawaeleza, kwani hakuna anayejua kuliko mimi. Ila kwanza tumsifu, maana sifa zake ni za kweli.

Alizaliwa Kishapu mwaka 1939, kwa watu wa pamba na ng'ombe. Ufundi aliuanzia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akipaka mafuta mashine ambazo hakuruhusiwa kuzifungua. Alipofika hapa, tarehe 4 Machi 1968, kampuni ilikuwa na malori matatu, na mawili kati ya hayo hayakuwa yakiwaka. Mzee Jashvant, mwenye kampuni, husema alimwajiri kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyekuja kuomba kazi bila kutaja mshahara kwanza. Ndugu Maduhu husema hakutaja kwa sababu alisahau.

Kati ya mafundi wote niliowaona, yeye ndiye aliyetumia masikio zaidi ya mikono. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, na hapo karakana yote ilitakiwa kunyamaza. Redio ilizimwa. Mama Generosa, mpishi wa kantini yetu, alijua hata sufuria isigongwe. Madereva walimcheka, wakasema Baba Nyamizi, kama tulivyomwita kwa jina la binti yake, anapokea simu kutoka kwenye silinda. Walicheka mpaka mwaka 1983, lori lilipozama kwenye tope la mbuga nje ya Mhunze likiwa na robota za pamba hadi juu. Dereva alidai gia imekufa. Ndugu Maduhu alisikiliza mara moja, akasema gia ni nzima ila dereva anakanyaga klachi kwa kiatu kipya. Dereva alivua viatu na lori likatoka.

Hakuwa mtu wa dhahabu, jambo la nadra kwa mtu wa kanda hii. Mchimbaji mmoja wa Mwakitolyo, alipotengenezewa pampu, alimpa jiwe lenye vimeta akamwambia asiliuze mpaka bei ipande. Ndugu Maduhu alilitumia kuzuia tairi la lori lisirudi nyuma. Lilikaa chini ya tairi karibu mwaka mzima. Siku moja mlinzi wa zamu hakuonekana kazini, na jiwe nalo halikuonekana.

Mlinzi huyo hakuwa wa kwanza. Mwaka 1990 karakana ilikuwa na mafundi kumi na wawili. Habari za machimbo mapya zilipoanza kuja, kila mwezi aliondoka mmoja, wengine bila kuaga. Walikwenda Geita, wengine Mwakitolyo, wengine hata hatujui. Mimi niliondoka Februari 1993. Nilimwambia naenda kumtazama shangazi. Alijibu, "Msalimie." Nadhani alijua, kwa sababu alinitazama miguuni, akaona nimevaa buti.

Walipobaki wanne tu, Mzee Jashvant alitaka ovaroli za waliokimbia zigawanywe. Ndugu Maduhu alikataa. Alizifua zote mwenyewe Jumapili, maana mke wake alikuwa amefariki mwaka 1989, na binti yake Nyamizi ameolewa Sumbawanga, na Jumapili zake hazikuwa na mtu. Alizitundika ukutani zikiwa na majina. Nami niliporudi Novemba 1996, nimekonda, mke wangu Melania akiwa na mimba ya miezi sita na mfukoni sina kitu, ovaroli yangu ilikuwa mahali pake. Vifungo viwili vilivyokuwa vimekatika vilikuwa vimeshonwa. Ndiye aliyekwenda kwa Mzee Jashvant kuniombea kazi ya stoo. Nataka msomaji alikumbuke hilo anaposoma yanayofuata.

Kampuni ilikuwa imetangaza kanuni moja kwa sababu ya watu kama mimi: mfanyakazi yeyote atakayeingiza mchanga wa dhahabu ndani ya uzio atafukuzwa siku hiyo hiyo, na msimamizi aliyeruhusu atashushwa cheo. Ilibandikwa mlangoni kwa maandishi mekundu.

Mapema mwaka 1997 Mzee Jashvant alinunua gari dogo jeupe la saluni lililotoka ng'ambo, la kwanza la kampuni lenye kompyuta. Ndugu Maduhu alilizunguka mara mbili, akasema lina adabu, halipigi kelele, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Gari hilo akakabidhiwa Cornel, fundi umeme aliyesomea magari ya aina hiyo Dar es Salaam, mtu mzima wa miaka thelathini na tano na makini kwelikweli. Machi alibadilisha mkanda wa taiming, kazi iliyomlazimu kuchomoa sensa ya kemshafti, kifaa kinachohisi mzunguko wa ile shafti inayofungua na kufunga vali. Akairudisha, gari likaenda vizuri.

Aprili taa ya injini ikawaka. Kwa gari lile, mtu huunganisha matundu mawili ya kiboksi kilicho chini ya boneti kwa kipande cha waya, kisha anahesabu jinsi taa inavyopepesa. Ilipepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Cornel alifungua kitabu chake: kumi na mbili, kompyuta haielewi kemshafti iko wapi. Gari lilikuwa likikohoa likipanda mwinuko na kuzimika likisimama. Akaagiza sensa mpya kutoka Dar, ikaja kwa basi, akaifunga. Siku mbili taa ilikaa kimya. Siku ya tatu ikarudi na kumi na mbili yake. Akaagiza ya pili, na hiyo nayo ikafanya vilevile baada ya siku nne. Akaagiza nyingine, ikafika stoo kwangu ikiwa kwenye boksi, lakini kabla hajaifunga Mzee alilichukua gari. Alikuwa na safari isiyoahirishika.

Jumamosi, tarehe 31 Mei, mwanawe Nikhil alikuwa akioa Mwanza. Gari lilizimika kabla ya Misungwi, halikuwaka tena. Mzee Jashvant na mkewe, Mama Taramati, walikaa kando ya barabara zaidi ya saa tatu na nguo zao za harusi, mwishowe wakapandishwa kwenye lori la vitunguu. Walipofika, Nikhil na bibi harusi walikuwa wameshauzunguka moto mtakatifu, na ndoa ilikuwa imefungwa. Saa ilikuwa imepangwa na kuhani na haikuweza kusogezwa. Mjomba alisimama mahali pa baba. Mama Taramati ana picha za harusi hiyo, na yeye hayumo katika zile ambazo mama hutakiwa kuwamo.

Jumatatu gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Mzee hakupaza sauti. Alisema anataka kujua kabla ya jioni nani amemnyima harusi ya mwanawe. Cornel alikuwa akifungua na kufunga kitabu chake, vyeti vyake vyote vikiwa kama havina maana. Ndugu Maduhu alimwambia akanywe chai, kisha akavua saa yake, akaiweka mfukoni, akaanza.

Nilikuwa kwenye dirisha la stoo, niliona yote. Alifungua kifuniko cha mkanda, akaizungusha injini kwa spana mpaka alama zikakaa pamoja, ile ya chini na ile ya juu. Mkanda haukuwa umeruka hata jino moja. Akapima waya wa sensa kwa mita, akautikisa, akaukunja, akapima tena. Mzima. Hapo Cornel angeagiza sensa nyingine. Ndugu Maduhu aliichomoa iliyokuwamo, akaipangusa ncha kwa kitambaa cheupe, akakaa akikitazama kitambaa muda mrefu.

Kisha alikuja dirishani, akaomba zile sensa mbili za zamani na ile mpya. Nilimpa. Aliziangalia za zamani ncha zake. Zote mbili zilikuwa na ndevu nyeusi fupi, laini, ambazo ukizigusa zinainama na kusimama tena. Ncha ya sensa ile ni sumaku, ndivyo inavyohisi meno yakipita. Ikivaa ndevu za chuma, inahesabu meno ambayo hayapo, na kompyuta inachanganyikiwa. Alitoa ile mpya kwenye boksi, akaipitisha polepole juu ya meza ya kazi, ile ndefu ya mbao ambako kila fundi huweka kifaa kabla ya kukifunga. Kutoka katika nyufa za mbao, mchanga mweusi ulinyanyuka na kushika.

Mtu wa kanda hii haambiwi mchanga huo ni wa nini. Ukishaosha udongo wa mgodi kwenye karai, kinachobaki pamoja na dhahabu ni mchanga mweusi wa chuma, na wachimbaji huuondoa kwa sumaku ya spika iliyokufa. Ndugu Maduhu alitazama meza. Halafu alitazama dirishani kwangu. Kwenye droo yangu mlikuwa na sumaku ya spika.

Nilikuwa nikinunua mabaki ya mchanga kwa watu wa Mwakitolyo na kuuchambua saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa kantini. Meza ile ilikuwa pana na ilikuwa kwenye mwanga. Nilikuwa nikiipangusa vizuri kila nikimaliza. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Dhahabu niliyopata kwa miezi minne isingetosha kuziba jino.

Alikwenda kantini, akaomba kwa Mama Generosa donge la unga wa chapati. Akaibonyeza ile ncha kwenye unga, akainua, akabonyeza tena, mpaka unga ukawa na madoa kama umenyunyiziwa pilipili manga na sumaku ikawa safi. Petroli isingefanya kazi hiyo. Sensa ile aliiweka garini moja kwa moja kutoka mkononi, hakuilaza popote. Akachomoa fyuzi ili kompyuta isahau, akairudisha, akaendesha mpaka Tinde na kurudi. Taa haikuwaka. Gari lile bado lipo, mnaliona kila siku, na tangu hapo halijataja kumi na mbili.

Jioni Mzee Jashvant aliuliza. Sisi sote tulikuwa tumesimama uani. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo, naapa kwamba nilikuwa nimeufungua, lakini Melania alikuwa amejifungua Februari na mtoto alikuwa kwenye chumba cha kupanga ambacho kodi yake ilitoka kwenye stoo hii. Ndugu Maduhu alitangulia.

"Meza ilikuwa chafu, Mzee," alisema. "Mchanga wa dhahabu. Na meza ni yangu."

"Nani aliuleta?"

"Msimamizi ni mimi. Niandike mimi."

Mzee alimwandika. Hakumfukuza, kwa ajili ya miaka yake, ila alimvua cheo na kumpeleka kituo cha Bugarama, ambako malori yetu hupita kuelekea upande wa Geita. Huko kuna banda moja, tangi la dizeli na mlinzi anayekuja jioni. Aliondoka wiki hiyo hiyo na sanduku moja. Aliponipita dirishani nilisema, "Shikamoo, Baba Nyamizi." Akaitikia, "Marahaba," kama siku nyingine yoyote, akapanda lori.

Tangu siku hiyo hadi mwezi huu ni miaka miwili na miezi mitatu. Malori yetu huenda Bugarama mara mbili kwa wiki, na mimi ndiye ninayepakia vipuri vyake. Ningeweza kupanda siku yoyote. Sikupanda. Nilikuwa nikimwekea vitu vya ziada kwenye boksi: sabuni, betri za tochi, mara moja samaki wa kukaanga. Aliyarudisha maboksi yakiwa matupu, yamefagiliwa, na ndani kikaratasi chenye neno moja: wabeja. Ndivyo Wasukuma tunavyoshukuru. Madereva walisema mzee yuko vizuri, ila siku hizi anaongea na injini kwa sauti, na wakifika hataki waondoke upesi. Anawatafutia vibovu ambavyo havipo. Niliposikia hayo nilikuwa nikitafuta kazi ya kufanya nyuma ya stoo.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikwenda kwa Mzee Jashvant, nikamwambia kila kitu. Mama Taramati alikuwapo na yeye aliyasikia, nami nimemwomba radhi kwa ajili ya siku ile, ingawa najua hairudi. Mzee alisema nilipaswa kusema uani, mbele ya watu, na kwa kuwa nina taipureta, basi niandike mbele ya watu. Hajafuta neno katika wasifu huu. Kanuni nayo haijafutwa. Adhabu yangu itaamuliwa baada ya hafla, na nimeambiwa pilau nile kwanza. Barua ya kumrudishia Ndugu Maduhu cheo chake, kuanzia tarehe aliyovuliwa, aliisaini saa hiyo hiyo.

Barua hiyo niliipeleka mwenyewe Jumamosi. Nilimkuta nje ya banda anakoroga uji, amevaa miwani iliyofungwa kwa waya wa plagi. Nilimwamkia, nikampa. Aliisoma yote mpaka kwenye muhuri, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati, akaniambia niketi. Kiti kilikuwa kimoja, akaketi yeye kwenye debe. Nikaanza kueleza kwamba mchanga ulikuwa wangu. Alisema alijua tangu alipokitazama kile kitambaa, na kwamba Melania na mtoto walikuwa watu wawili na cheo kilikuwa kitu kimoja. Hilo lilikuwa limekwisha kwake zamani. Kilichomshangaza kilikuwa kingine.

"Mbona hukuja?" aliuliza. "Mimi nilidhani ni njia. Nikawa nasema, huyu Ignas, njia ndiyo inamshinda."

Nilimwambia ukweli, kwamba njia ilikuwa nzuri muda wote.

Aligawa uji nusu kwa nusu. Kwa kuwa kikombe kilikuwa kimoja, yeye alikunywa kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka miwili kuombwa maelezo ya cheo, na mtu huyu alikuwa ameketi huko akihesabu malori ambayo sikuwamo.

Ndugu wafanyakazi, anayeagwa leo ni Valerian Maduhu, Msimamizi wa Karakana. Ndivyo ilivyochapwa kwenye ratiba na ndivyo atakavyotajwa atakapoitwa mbele. Tunamshukuru kwa malori aliyoyafufua, kwa madereva aliowavua viatu, na kwa ovaroli alizozifua bila kuulizwa. Cornel ameniomba niongeze kwamba mpaka leo hakilazi kifaa chochote chenye sumaku mezani, na anafundisha hivyo kila fundi mpya, akimtaja aliyemfundisha.

Kesho kutwa anahamia Kishapu, kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga mwaka 1985. Mke wake hakuwahi kuhamia humo, na Nyamizi yuko mbali. Kwa hiyo, Baba Nyamizi, sitakutakia mapumziko, umepumzika peke yako vya kutosha. Kishapu si mbali. Mimi, Melania na mtoto tutakuja Jumamosi hiyo hiyo, iwe nina kazi au sina, na viti tutakuja navyo. Wenzangu hapa, mmesikia njia ni nzuri. Karakana nzima inakutakia nyumba yenye watu.